Kumsemea Mwenzako

Juma lililopita alitujia mzee mmoja, mfuga nyuki wa upande wa Sikonge, amebeba dumu dogo la asali mkononi na shauri zito moyoni. Tulipokwisha kuamkiana alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ndugu zangu, nimekuja kuuliza kama nimemlea vibaya mwanangu." Tukamwomba aeleze.

Mwanawe yuko kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Hatuitaji shule hiyo, wala msomaji asijisumbue kuitafuta, kwa maana mambo haya yangeweza kutokea katika shule yo yote. Bwenini mwao walikuwamo vijana wakubwa watatu waliokuwa na desturi ya kuwaamsha usiku watoto wa kidato cha kwanza, kuwafulisha nguo zao na kuwanyang'anya fedha za matumizi walizopewa na wazazi. Usiku mmoja mtoto mmoja alikataa kutoa fedha yake. Wakampiga kwa mshipi wa suruali, upande wa chuma, hata sikio likatoka damu. Kijana wa mzee wetu alikuwa kitanda cha pili. Aliona yote. Alikaa na jambo hilo siku mbili, hakula vizuri. Siku ya tatu akaenda kwa mwalimu wa zamu akamweleza.

Mwalimu alitenda upesi, na kwa hilo twamsifu. Wale watatu waliitwa, wakakiri, wakarudishwa makwao kwa muda. Lakini asubuhi ya Jumatatu, shule nzima ikiwa mstarini, mwalimu yule yule alimwita kijana mbele, akataja jina lake, akasema kwamba huyu ndiye mwanafunzi wa kuigwa, aliyekuja kumwambia maovu ya wenzake. Akaamuru apigiwe makofi. Yakapigwa. Jioni ile kijana alikuta godoro lake limelowa maji tangu kichwani hata miguuni. Kesho yake sahani yake na kijiko chake havikuonekana. Akiketi bwaloni, benchi huachwa tupu. Jina lake sasa ni "Redio". Ameomba kuhamishwa.

"Nilimfundisha kusema kweli tangu mdogo," alisema mzee. "Sasa kweli imemlowesha kitanda. Je, nimwambie kwamba alikosea?"

Siku ile tulimjibu machache. Tangu hapo tumelifikiri jambo hili, nasi twapenda wasomaji walifikiri pamoja nasi, hasa wazazi na walimu, maana twaona kwamba watu wengi wana jibu la haraka juu yake. Mmoja husema, "Mwanafunzi mwema lazima aripoti kila kosa." Mwingine husema, "Msaliti hana rafiki." Majibu hayo mawili ni rahisi kuyatamka, na yote mawili hayamfai kitu yule kijana.

Tuanze na neno lenyewe. Mtoto wa darasa la pili akinyang'anywa kalamu hulia, "Nitakusemea kwa mwalimu!" Hapo kusemea ni kulipeleka kosa la mtu kwa mwenye fimbo. Lakini neno lilo hilo twalitumia tukitaka mbunge awasemee wakulima wa tumbaku wa Urambo, au jamaa amsemee mjane mbele ya baraza la ukoo. Hapo kusemea ni kumwazima mtu kinywa chako, kwa sababu chake hakisikilizwi. Kiswahili hakikutoa maneno mawili, na kwa kutotoa kimetuachia fundisho zuri. Mtoto anapomsemea mwenzake kwa mwalimu yuko mtu anayeshtakiwa, na huenda yuko mwingine anayetetewa kwa maneno hayo hayo. Basi swali la dhamiri ambalo yafaa tuwafundishe watoto wetu ni hili: nikisema, namsemea nani?

Kijana wa Sikonge alimsemea yule mwenye sikio lililotoka damu. Laiti angekwenda kwa mwalimu ili apewe beji ya ukiranja, au kwa sababu mmoja wa wale watatu alimshinda katika mpira, angekuwa amejisemea mwenyewe, nasi twalo neno jingine la kazi hiyo: kuchongea. Mchongezi huweza kusema kweli tupu. Wengi hawaelewi hivyo. Hudhani kwamba mchongezi lazima awe mwongo. La, yeye huichukua kweli akaichonga kama mti, mpaka ipate ncha ya kumchoma anayemchukia.

Tena liko jibu la tatu, nalo ndilo gumu kupita yote: mtoto husema, "Sikumsemea mtu ye yote, nilisemea kanuni za shule." Tulipoanza kuandika makala haya tulikusudia kusema kwamba kanuni haina sikio litokalo damu, na kwamba mtoto anayekimbilia ofisini kusema kuwa jirani yake amewasha mshumaa chini ya blanketi ili asome baada ya taa kuzimwa, huyo ni mbea mdogo wa kuonywa. Kalamu ilikuwa mkononi. Ndipo tukakumbuka Shauritanga, kule Rombo, mwezi Juni mwaka 1994. Wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini, na chanzo kilichotajwa kilikuwa mshumaa. Tukaufuta mstari ule. Kanuni nyingine ziliwekwa kwa sababu ya faraja ya wakubwa, na nyingine ziliwekwa kwa sababu ya makaburi, na mtoto wa miaka 14 hawezi sikuzote kuzitambua moja moja. Anayeweza ni mwalimu aliyemweleza sababu yake. Mwalimu asemaye tu, "Ni marufuku, basi," amemnyima mtoto kipimo, kisha humlaumu kwa kutokupima.

Sasa tusikilize kidogo upande wa wanaonyamaza, kwa maana wanafunzi si wapumbavu, wala ukimya wao si uovu mtupu. Vijana wa siku hizi humwita msemaji "mnoko", au husema kwamba "amewachoma". Maneno hayo ni makali, lakini chini yake iko fadhila. Watoto 60 waliotoka vijiji mbalimbali, wasiojuana, wanalala chumba kimoja, wanakula maharage ya sufuria moja, wanaogopa fimbo moja. Hawana mali wala cheo. Wanacho kitu kimoja tu, nacho ni kutoshtakiana. Mwenye kukivunja huwapokonya wote.

Na watu wazima wamekivunja mara nyingi kwa makusudi. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha jinsi ilivyokuwa katika shule yao huko Limuru wakati wa ukoloni. Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kifungo. Naye alimpa mwenzake wa kwanza aliyemsikia akisema lugha ya mama yake. Huyo naye alimpa mwingine. Jioni aliyekutwa nacho alitaja aliyempa, na aliyempa akamtaja wa kabla yake, mpaka wote wakapatikana, wakaadhibiwa. Ngũgĩ aliona wazi kwamba watoto walikuwa wakifundishwa faida ya kuwasaliti watu wao wenyewe. Wala tusidhani kwamba hayo yalikwisha na bendera ya Mwingereza. Hapa petu pia tumesikia habari za shule ambamo mtoto akisema Kiswahili huvikwa kibao shingoni, na njia ya kukivua ni kumnasa mwenziwe. Tuulize swali letu: mtoto huyo anapomtaja mwenzake, anamsemea nani? Hapana hata mmoja. Hakuna aliyeumizwa kwa neno la Kinyamwezi au la Kiswahili. Anajisemea mwenyewe ili shingo yake iwe huru. Mwalimu aliyeweka mashine kama hiyo shuleni hana haki ya kushangaa, mwaka ujao, wanafunzi wakinyamaza juu ya bangi, au juu ya mtoto anayepigwa usiku. Alikwisha kuwafundisha kwamba kusema ni uchafu.

Sisi wakazi wa Tabora tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana mji wetu umesimama juu ya njia ya misafara. Katika karne ya 19 wapagazi walitembea kutoka Bagamoyo yapata miezi mitatu, kila mmoja na mzigo uliofika pengine frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, hata wakafika Unyanyembe. Wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Kabla ya kuingia Unyamwezi iliwabidi kuikata nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, nchi ya miiba yenye maji machache. Mabwana wa misafara waliogopa kitu kimoja kuliko simba, nacho ni kutorokwa. Stanley, aliyefika hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika mwenyewe jinsi alivyowachapa na kuwatia minyororo watoro.

Basi tumfikiri mpagazi mmoja kando ya moto katika Mgunda Mkali. Mwenzake anamnong'oneza kwamba kabla ya alfajiri ataacha mzigo na kukimbia. Akimwambia bwana wa msafara, mwenzake atachapwa mbele ya macho yake. Akinyamaza, mzigo ule utagawanywa asubuhi juu ya mabega ya wengine, katika nchi isiyo na maji, na labda mmoja wao ni mgonjwa. Afanye nini? Akimkumbuka mwenye mjeledi tu, atanyamaza, na sisi tusingethubutu kumhukumu. Lakini katika misafara ya Wanyamwezi alikuwapo mtu wa katikati: mnyampara. Huyo alikuwa mmoja wao. Alitembea nao, akala nao, na posho ilipopunguka ndiye aliyekwenda kuwasemea kwa tajiri. Kumwambia mnyampara hakukuwa sawa na kumwambia mjeledi. Aliweza kumwendea yule mtu usiku ule ule, akaketi karibu naye na kumwuliza, ni posho, ni miguu, au ni habari ya nyumbani?

Hatusemi kwamba wanyampara wote walikuwa wema. Lugha imekwisha kuwahukumu kwa namna yake, maana leo neno mnyapara twalisikia magerezani na kwenye kazi za sulubu, wala si neno la kupendeza. Mtu wa katikati hupotea upesi: akianza kupata posho kubwa kuliko wenzake, huwa mjeledi wa pili. Hata hivyo nafasi yenyewe ilikuwa nafasi ya lazima, na shule isiyokuwa nayo humweka mtoto mahali pa yule mpagazi, kati ya mjeledi na ukimya.

Shuleni nafasi hiyo tumempa kiranja. Nayo Tabora inayo habari ndogo juu ya viranja ambayo yafaa kukumbukwa. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya hapa Tabora mwaka 1937. Kabla hajamaliza, walimu walipendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule alikataa. Alisema kijana huyo ni mwema mno kwa kazi hiyo. Watu husimulia habari hiyo kwa kucheka, wakifikiri yaliyompata kijana huyo baadaye. Sisi hatucheki. Mkuu wa shule alikuwa amesema wazi fikira ya shule nyingi, za wakati ule na za leo, kwamba kiranja ni mkono wa mwalimu uliorefushwa, na kwamba wema huufanya mkono huo kuwa mfupi. Lakini tufikiri mtoto wa kidato cha kwanza aliyepigwa usiku. Atamwendea nani? Hawezi kumwendea kiranja anayeogopwa, kwa sababu tayari ana watu wa kutosha wa kuwaogopa. Kama yuko mmoja wa kumwambia neno, ni yule aliye mwema mno. Nyerere alirudi Tabora baada ya Makerere akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Na watu waliendelea kumwita Mwalimu hata alipokuwa Rais.

Msomaji atatuuliza, "Je, basi mwataka watoto wanyamaze mpaka apatikane mwema?" Hapana. Kuna mambo ambayo hayangoji.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, karibu na Machakos nchini Kenya, bweni lilichomwa kwa petroli wanafunzi wakiwa wamelala. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na nondo. Wanafunzi wawili walishtakiwa. Hatumnyoshei kidole mwingine ye yote. Lakini kila mwanafunzi wa bweni anajua kwamba petroli haiingii shuleni kama umande. Sharti inunuliwe, ibebwe, ifichwe mahali. Mtoto atakayeona dumu la namna hiyo chini ya kitanda cha rafiki yake mpenzi, asikae siku mbili kama kijana wa Sikonge. Asikae hata saa moja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliliweka jambo hili kwa utaratibu ambao hatujaona ulio bora kuliko huo. Yeye aliuliza kama ni lazima kumwonya mtu kwa siri kabla ya kumshtaki kwa wakubwa. Akajibu kwamba kosa lililo la siri, linalomdhuru mkosaji mwenyewe au aliyekosewa peke yake, liendewe kwa siri kwanza, ili kumponya ndugu bila kumvunjia heshima. Lakini kosa la siri linalowadhuru wengine, kama mtu anayefanya shauri la kuutoa mji mikononi mwa adui, hilo lisemwe mara moja, isipokuwa kama una hakika kwamba onyo lako la siri litalizuia. Dumu la petroli bwenini ni mji unaotolewa kwa adui.

Hapa twapenda kuongeza neno letu. Wahubiri na walimu wa dini hupenda kuwakumbusha watoto agizo la Injili ya Mathayo, sura ya 18: ndugu yako akikukosa, mwendee kwanza wewe peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Ni agizo takatifu. Lakini tuangalie kwamba linamtaja ndugu. Linawaza watu wawili wanaoweza kusimama uso kwa uso. Mtoto wa miaka 13 hawezi kumwendea peke yake kijana wa miaka 19 aliyempiga kwa mshipi, na mwalimu anayemwambia aende kwanza "wapatane" amemtuma kupigwa mara ya pili. Kwa mtoto kama huyo hatua mbili za kwanza zimekwisha kufungwa na nguvu ya mkosaji mwenyewe. Anaweza kwenda moja kwa moja kwa mkubwa, wala asione haya.

Juu ya mitihani hatutakawia. Desemba mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilitangaza kufuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba kwa udanganyifu, na kufungia vituo 24. Vituo havidanganyi vyenyewe. Nyuma ya kituo wapo watu wazima. Sasa mtoto aliyeona majibu yakipitishwa, akamwambie nani, ikiwa aliyeyapitisha ndiye anayepokea taarifa? Twawasikia watu wakiwalaumu watoto hao kwa kukosa uaminifu. Sisi twaona haya kuwalaumu.

Na hivyo tumefika kwa mwalimu wa zamu, ambaye hakuwa mtu mbaya. Tumekwisha kusema kwamba alitenda upesi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba siri aliyopewa ni mali yake. Alipewa amana, naye akaitumia kama mtaji: akataka kwa mfano wa kijana mmoja kupata wasemaji 20. Alipata kinyume chake. Tuna hakika kwamba tangu Jumatatu ile hapana mtoto shuleni pale atakayemwambia neno, hata bweni likiwaka. Taifa letu limetunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ili mtu mzima anayefichua wizi wa mali ya umma asiadhibiwe kwa kusema kwake. Mtu mzima huyo ana nyumba yake, ana mlango wa kufunga, ana jamaa. Mtoto wa bweni analala katikati ya wale wale aliowataja. Kama mtu mzima alihitaji sheria ya Bunge, mtoto alihitaji angalau mwalimu anyamaze.

Na kwa kuwa tumewanyoshea kidole walimu, haki yataka tujinyoshee wenyewe. Kanisa letu, katika nchi nyingi, lilijifunza jambo hili kwa aibu kubwa. Watoto walisema, na masikio yaliyowasikia yakachagua jina jema la nyumba kuliko mtoto. Wengine waliambiwa kwamba kusema ni kuleta kashfa. Ilipofika Mei 2019 hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua yenye nguvu ya sheria, inayowapasa mapadre na watawa kutoa taarifa wakijua habari za maovu ya namna hiyo, na inayokataza aliyetoa taarifa kudhulumiwa au kufungwa kinywa. Ilikuwa lazima ifikie kuandikwa kwa amri. Tusisahau hilo tunapowaambia watoto wetu kwa wepesi, "Semeni tu."

Mzee wa Sikonge alitusikiliza mpaka mwisho. Tulimwambia kwamba mwanawe hakukosea, na amwambie hivyo kwa maneno ya wazi, bila "lakini" nyuma yake. Tulimwambia pia aende akaonane na mwalimu, asiende kwa hasira, na asimwombe atangaze jambo jingine mstarini, maana yaliyotangazwa yanatosha. Amwombe aingie bwenini saa za jioni, akae pale juma zima, bila ya kutafuta mkosaji, akae tu mpaka wazoee kumwona. Kuhusu kuhama hatukumpa shauri. Kijana mwenyewe ndiye anayelala kitandani pale. Ni yeye ajuaye kama anaweza.

Alipokuwa akiondoka tulimwuliza kama yule mtoto wa kidato cha kwanza, mwenye sikio, alikuwa amesema cho chote. Mzee akasimama mlangoni. Alisema hapana, mtoto hakusema neno, wala bwaloni haketi karibu na mwanawe, anaogopa. Ila usiku ule godoro lilipolowa, watu walipokwisha kulala, alikuja akinyata, akaacha blanketi lake juu ya miguu ya mwenzake, akarudi kulala bila ya blanketi. Na usiku wa kipupwe hapa kwetu si wa mchezo.